Mwanafalaki Aliyeiacha Darubini

Mwaka 1900 George William Myers alikuwa na umri wa miaka 36, na alikuwa amekwisha kupata karibu kila kitu ambacho mwanafalaki wa Marekani wa rika lake angeweza kukiomba. Alikuwa na shahada ya uzamifu kutoka Chuo Kikuu cha Munich, Ujerumani. Alikuwa amechapisha utafiti uliosomwa ng'ambo ya bahari. Na katika Chuo Kikuu cha Illinois alikuwa mkurugenzi wa kituo kipya cha kutazamia nyota, kilichojengwa mwaka 1896 kwa dola 15,000 zilizoidhinishwa na bunge la jimbo, chenye kuba linalozunguka na darubini ya lenzi ya inchi 12. Mwaka huohuo wa 1900 aliviacha vyote akahamia Chicago, ambako kazi yake ingekuwa kuwafunza walimu jinsi ya kuwafundisha watoto hesabu.

Nimemtafuta mtu huyu kwa sababu ya kelele zetu wenyewe. Mapema mwaka 2025, orodha ya masomo ya lazima katika shule za sekondari pevu, yaani kuanzia Gredi ya 10, ilipotolewa bila hisabati ndani yake, Wakenya walipiga mayowe: wazazi, wahandisi, walimu, hata wale ambao hadi leo huota ndoto mbaya kuhusu karatasi ya pili ya hisabati ya KCSE. Aprili Wizara ya Elimu ikarudi nyuma. Kila mwanafunzi atasoma hisabati, ila kutakuwa na hisabati mbili: moja nzito kwa wanaofuata mkondo wa sayansi, teknolojia na uhandisi, na nyingine nyepesi kwa wale wa sayansi ya jamii na wa sanaa na michezo.

Niliufuatilia mjadala ule kwa makini, na kilichonishangaza ni kwamba pande zote mbili zilipigana kwa silaha moja. Waliotaka hisabati iwe ya hiari waliuliza: mwanamuziki ataitumia wapi aljebra? Waliotaka iwe ya lazima walijibu kwa kutaja mahali pa kuitumia: dukani, benki, shambani, kwenye simu. Manufaa kwa manufaa. Myers na wenzake ni miongoni mwa watu walioliingiza neno hilo katika darasa la hisabati kwa dhati na kwa nia njema. Katika muda wa miaka 20 neno hilohilo lilikuwa limegeuzwa na kuelekezwa dhidi ya hisabati yenyewe. Ndiyo maana naona habari zake zinatuhusu.

Tuanze na nyota, kwa kuwa bila nyota hatutamwelewa mwalimu.

Katika kundi la nyota liitwalo Lyra kuna nyota ijulikanayo kama Beta. Anayeishi Kenya anaweza kuiona kwa macho matupu jioni za Julai hadi Septemba akitazama upande wa kaskazini, karibu na Vega, mojawapo ya nyota zinazong'aa zaidi angani. Mwaka 1784 kijana mmoja kiziwi wa mjini York, Uingereza, John Goodricke, aligundua kwamba mng'ao wa Beta hupanda na kushuka kwa utaratibu, na kwamba mzunguko mmoja huchukua karibu siku 13. Goodricke alifariki akiwa na miaka 21 tu, fumbo likabaki. Nyota nyingine ya aina hii, Algol, hukaa na mwanga uleule kwa muda mrefu, kisha hufifia kwa saa chache, mithili ya taa inayozibwa na mtu apitaye mbele yake. Beta haitulii. Mwanga wake hupanda na kushuka bila kusita, kana kwamba kitu kinachouziba hakiondoki kamwe.

Myers alilichukua fumbo hilo hadi Munich, kwa profesa Hugo von Seeliger. Mwaka alioipata shahada yake, 1896, ndio mwaka ambao mwanafunzi mwingine wa Seeliger, Karl Schwarzschild, alipata ya kwake. Huyu ndiye ambaye jina lake baadaye lilifungamana na nadharia ya mashimo meusi. Myers alishughulikia vipimo vya mng'ao wa Beta vilivyokusanywa na watazamaji waliomtangulia, akauliza ni umbo gani la vitu viwili vinavyozungukana lingeweza kutoa mpando na mshuko wa namna ile. Jibu lake lilikuwa kwamba nyota hizo mbili zimekaribiana mno hata kila moja inaivuta nyenzake na kuiharibia uduara, zikawa na umbo la yai. Zinapozungukana, mara tunaziona kwa ubavu, mara kwa ncha, na kwa hiyo mwanga hubadilika hata wakati ambapo hakuna iliyopatwa na nyenzake. Utafiti huo ulitoka katika jarida la Astrophysical Journal mwaka 1898. George Darwin, mwana wa yule Charles, ambaye alikuwa bingwa wa hisabati ya maji kujaa na kupwa, aliutaja katika kitabu chake kuhusu somo hilo, kwa sababu nguvu inayolivuta yai la nyota ndiyo ileile inayoyavuta maji ya Mombasa mara mbili kwa siku.

Zingatia kwamba hakuna aliyekuwa ameziona nyota hizo mbili zikiwa mbili. Katika kila darubini ya wakati ule Beta ilikuwa nukta moja ya mwanga. Picha za kwanza zilizozitenganisha zilichapishwa mwaka 2008, zikitokana na darubini kadhaa zilizounganishwa katika mlima Mount Wilson, California. Zilionyesha vitu viwili vilivyosongamana, kimoja kikiwa kimevutika. Si kila alichosema Myers kimesimama: leo tunajua kwamba nyota moja inaimwagia nyenzake mata yake, na kwamba hiyo inayopokea imejificha ndani ya sahani nene ya gesi. Lakini umbo la yai alilipata miaka 110 kabla ya jicho kulithibitisha, akitumia jedwali la vipimo, kalamu na subira.

Mtu aliyefanya kazi ya namna hiyo hawezi kuiona hisabati kama rundo la kanuni za kukariri. Kwake hisabati ni njia ya kutoka kwenye kipimo ulichokishika hadi kwenye kitu usichoweza kukishika. Naamini, na hii ni hukumu yangu mwenyewe, kwamba hapo ndipo penye mbegu ya yote aliyoyafanya Chicago.

Chicago ya wakati ule ilikuwa inachemka. Kanali Francis Parker, askari wa zamani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambaye John Dewey alimwita baba wa elimu ya kimaendeleo, alikuwa amekaa miaka mingi akiongoza chuo cha ualimu cha wilaya ya Cook huku akigombana na wanasiasa waliodai kwamba anawaharibu watoto kwa kuwapeleka nje ya darasa. Anita McCormick Blaine, binti wa Cyrus McCormick, tajiri wa mashine za kuvunia, alitoa fedha ili Parker awe na chuo chake asichohitaji kukiombea bajeti kwa mtu. Chuo hicho, Chicago Institute, ndicho kilichompokea Myers. Mwaka 1901 kiliungana na Chuo Kikuu cha Chicago na kuwa Kitivo cha Elimu. Parker alifariki Machi 1902. Dewey, ambaye tangu 1896 alikuwa na shule yake ya majaribio papo hapo chuoni, akashika usukani, na mwaka 1904 naye akaondoka kwa hasira kwenda Columbia. Myers alibaki. Cheo chake kilikuwa Profesa wa Ufundishaji wa Hisabati na Falaki. Hilo neno la mwisho linanifurahisha: aliiacha darubini, lakini falaki hakuiacha.

Na darubini yenyewe? Mwaka 1903 ilipata mkurugenzi mpya, Joel Stebbins. Stebbins aliifunga kifaa cha umeme cha kupimia mwanga badala ya kulitegemea jicho, na akawa mmoja wa waanzilishi wa njia ambayo wanafalaki wa karne ya 20 waliitumia kupima mng'ao wa nyota. Jengo lile sasa ni urithi wa kihistoria wa taifa la Marekani, na sababu iliyotajwa ni kazi ya Stebbins. Myers anatokea katika simulizi hiyo kama mtu aliyepita tu. Sishangai. Vyuo vikuu vina kumbukumbu ndefu kwa anayegundua na fupi kwa anayefundisha, na sisi tunaojaza fomu za kupandishwa vyeo twaijua mizani hiyo: makala moja katika jarida la kigeni ina uzito kuliko kitabu cha kiada kitakachosomwa na watoto laki moja.

Hisabati aliyoikuta Myers katika shule za upili za Marekani ilikuwa imekatwa vipande. Mwaka wa kwanza ni aljebra. Ikiisha, inafungwa kabatini. Mwaka unaofuata ni jiometri, kwa mpangilio uliotokana na Euclid, mgunduzi wa kale ambaye vithibitisho vyake vilikaririwa neno kwa neno. Mwanafunzi angeweza kupita katika vyote viwili bila kushika rula. Dhidi ya hali hiyo sauti kadhaa zilikuwa zimepazwa. Mwaka 1895 Dewey na mwenzake McLellan waliandika kwamba dhana ya namba kwa mtoto huzaliwa katika kupima, si katika kuhesabu vitu vilivyotawanyika. Mwaka 1901, mjini Glasgow, mhandisi John Perry aliwaambia wanasayansi wa Uingereza kwamba Euclid anawaua vijana kiakili, na kwamba dawa ni karatasi ya miraba, vipimo na vitendo. Desemba 1902, E. H. Moore, mkuu wa idara ya hisabati ya Chicago na mmoja wa wanahisabati halisi wakubwa wa nchi yake, aliyatumia maneno yake ya kuaga urais wa Chama cha Hisabati cha Marekani kudai kwamba hisabati na fizikia zifundishwe pamoja katika maabara. Fikiria: bingwa wa hisabati dhahania kabisa, mbele ya wenzake, akizungumzia watoto wa shule ya upili. Siku hizi hotuba kama hiyo ingeitwa kujishusha hadhi.

Moore alitoa wito. Myers ndiye aliyekaa chini akaandika vitabu. Alianza na watoto wadogo, akishirikiana na Sarah C. Brooks katika mfululizo wa vitabu vya hesabu. Kisha, akiwa na kundi la walimu wa shule ya upili ya chuo kikuu, akiwemo Ernst Breslich, alitoa First-Year Mathematics, na mwaka 1910 ikafuata Second-Year Mathematics. Majina hayo yalikuwa ya kichokozi. Halikuwapo neno aljebra wala jiometri juu ya jalada. Kulikuwa na hisabati ya mwaka wa kwanza na hisabati ya mwaka wa pili, basi.

Ndani ya kitabu cha kwanza mlinganyo unaingia kwa mlango wa mizani. Vyombo viwili vimesawazika. Ukitoa kitu upande huu, nawe huna budi kutoa upande ule. Kutoka hapo mwanafunzi anaenda moja kwa moja kwenye mizingo na maeneo ya maumbo, halafu kwenye pembe, akitumia mlinganyo uleule. Herufi x inakuwa urefu wa ubavu ambao unaweza kuupima. Namba hasi zinakuja baadaye, zikiwa na kazi ya kufanya. Chumba chenyewe kina rula, vipimapembe, mizani na karatasi ya grafu, na mwanafunzi anatarajiwa kuchafuka mikono.

Kwa asiyewahi kuliona darasa la namna hii, nitoe mfano wa kwetu. Mpe mwanafunzi fimbo ya mita moja na umwambie apime mlingoti wa bendera bila kuupanda. Anaisimamisha fimbo, anapima kivuli chake: sentimita 80. Anapima kivuli cha mlingoti: mita 7.2. Pembetatu mbili zinafanana, uwiano ni mmoja, anaandika mlinganyo, anapata mita tisa. Katika dakika kumi amekutana na jiometri, uwiano na aljebra, na hakuna aliyemwambia kwamba amevuka mpaka wa masomo. Kisha mwambie arudie zoezi hilo saa sita na nusu mchana karibu na tarehe 20 Machi, akiwa Nairobi. Kivuli kimetoweka! Kwa nini? Hapo falaki imebisha hodi yenyewe. Watoto wa Chicago hawakuwa na bahati hiyo, kwa sababu jua haliwasimamii kichwani hata siku moja.

Wapinzani walidai kwamba huu ni mchezo, kwamba ithibati inapotea katikati ya rula na gundi. Nikivitazama vitabu vyenyewe naona lawama hiyo haiwahusu. Ithibati ipo, hasa katika mwaka wa pili, lakini inakuja pale ambapo kipimo kimeishiwa nguvu. Mwanafunzi amepima pembe za pembetatu kumi na kila mara jumla imekaribia nyuzi 180: mara 179, mara 181. Je, ni 180 kweli, au ni karibu tu? Rula haiwezi kujibu. Mwanafunzi aliyefika hapo anakihitaji kithibitisho kama mwenye kiu anavyohitaji maji, ilhali yule aliyekabidhiwa kithibitisho siku ya kwanza anapewa maji kabla ya kiu. Na mwandishi alikuwa mtu aliyekisia umbo la nyota asizoziona. Asingeweza kuudharau uwezo wa akili kwenda mbele ya kipimo.

Basi kwa nini Wamarekani hadi leo, kwa sehemu kubwa, wanasoma aljebra mwaka mmoja na jiometri mwaka mwingine?

Sababu ya kwanza ni kavu, na kwa hiyo ina nguvu: mitihani. Bodi ya mitihani ya kuingia vyuoni, iliyoanza kutahini mwaka 1901, ilitahini aljebra peke yake na jiometri peke yake. Mwalimu wa mji mdogo aliyeuchukua mfumo wa Chicago alikuwa anahatarisha nafasi za wanafunzi wake, na mzazi mwenye akili timamu asingemruhusu. Walimu nao walikuwa wamefunzwa kwa vipande. Breslich aliendeleza na kuviandika upya vitabu hivyo kwa miaka mingi baada ya Myers kujitoa katika kazi hiyo, lakini vilibaki kama shamba la mfano: watu walikuja, wakatazama, wakasifu, wakarudi kulima kwao kama zamani.

Sababu ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi. Kwa karne nyingi hisabati ilitetewa kwa hoja kwamba inanoa akili: anayesoma jiometri atafikiri vizuri katika sheria, siasa na biashara. Mwaka 1901 Edward Thorndike na Robert Woodworth walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba ustadi wa kazi moja hauhamii kwa urahisi kwenye kazi nyingine, na hoja ile kongwe ikaanza kuvuja. Wanamageuzi wa kundi la Perry na Moore hawakujali sana, kwa kuwa walikuwa na hoja yao: hisabati inafaa, inatumika, angalieni daraja, angalieni mashine. Wakati huohuo shule za upili za umma zilifurika. Mwaka 1900 zilikuwa na wanafunzi wapatao nusu milioni. Mwaka 1920 walikuwa zaidi ya milioni mbili, wengi wao watoto wa wafanyakazi na wahamiaji ambao hawakutazamia kuingia chuo kikuu.

Hapo kizazi kipya cha watu waliojiita wanamaendeleo kikauliza swali ambalo hoja ya manufaa haikuwa na kinga dhidi yake. Ikiwa hisabati inafundishwa kwa sababu inatumika, kwa nini afundishwe asiyetazamiwa kuitumia? David Snedden, aliyekuwa kamishna wa elimu wa Massachusetts, aliuliza hivyo kwa miaka. Mwaka 1920 William Heard Kilpatrick wa Columbia, mfuasi mashuhuri wa Dewey, aliongoza kamati ambayo ripoti yake ilichapishwa na ofisi ya elimu ya serikali ya Marekani. Ripoti iliwagawa wanafunzi katika makundi manne: wasomaji wa kawaida, wanaoelekea ufundi fulani, wahandisi watarajiwa, na wachache watakaobobea. Kila kundi lingepewa hisabati ya kiasi chake.

Wanahisabati walipinga. Chama cha kitaifa cha walimu wa hisabati kiliundwa mwaka huohuo wa 1920, na mwaka 1923 ikatoka ripoti ndefu ya kuitetea hisabati kwa wote. Lakini mkondo ulikuwa umeshageuka. Mwaka 1910 takriban asilimia 57 ya wanafunzi wa shule za upili za umma walikuwa wakisoma aljebra. Kufikia 1955 walikuwa chini ya asilimia 25. Jiometri ilishuka kutoka asilimia 31 hivi hadi 11. Kwa haki, idadi kamili ya wasomaji wa aljebra haikuporomoka hivyo, kwa sababu shule zilikuwa zimepanuka mno. Ila wale waliopanua hesabu hiyo, watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kuliona darasa la upili, ndio waliokuta mlango wa hisabati umeegeshwa. Watoto weusi, wasichana na watoto wa wafanyakazi walielekezwa kwa upole kwenye yale yaliyosemekana kuwafaa. Hakuna aliyewakatalia. Waliambiwa kwamba mahitaji yao yamezingatiwa.

Myers alifariki mwaka 1931, akiwa ameshuhudia sehemu kubwa ya mageuko hayo. Ukisoma historia kwa haraka utamweka yeye na Kilpatrick katika kapu moja, kwa sababu wote waliitwa wanamaendeleo na wote walizungumza kuhusu maisha halisi ya mtoto. Mimi nawaona kama watu waliosimama pande mbili za mto. Kwa Myers, matumizi yalikuwa mlango wa kuingilia: mizani na kivuli vilikuwapo ili mtoto yeyote, hata yule asiyependa herufi, apate pa kukanyaga, kisha apande. Kwa Kilpatrick matumizi yalikuwa kipimo cha mwisho cha nani aruhusiwe kupanda na hadi wapi. Tatizo ni kwamba lugha yao ilikuwa moja, na Myers na wenzake hawakuacha hoja ya pili ya kulindia ile ya kwanza. Walisema hisabati ina manufaa. Hawakusisitiza vya kutosha kwamba kumwachia mtu nafasi ya kufikiri hivyo ni haki yake hata kama hatapata faida ya shilingi.

Sasa turudi nyumbani, ambako jambo hili lina kioja chake. Mawimbi ya Perry yaliigusa Uingereza kwa kina zaidi kuliko Marekani. Mwaka 1903 Cambridge iliacha kudai mpangilio wa Euclid katika mitihani yake, na polepole shule za Kiingereza zikaifanya hisabati kuwa somo moja. Sisi tulirithi mfumo huo pamoja na mengine tuliyorithi. Mwanafunzi wa shule ya upili wa Kakamega au Voi anasoma milinganyo Jumatatu na pembetatu Alhamisi, katika kitabu kimoja, na haoni ajabu. Kwa upande wa kuunganisha hisabati, yeye yuko karibu na ndoto ya Myers kuliko kijana wa Illinois. Tulichokikosa ni ile maabara. Shule zetu zina chumba cha kemia, hata kama bomba halina maji; chumba cha hisabati chenye mizani na vipimapembe ni nadra kukiona. Kila Septemba hukutana na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaouliza, kabla hata ya kuuliza jina la kozi, kama ina hesabu ndani yake. Hao ni vijana waliofaulu vyema. Sidhani wanaogopa ugumu. Wengi wao wanafanya mambo magumu. Wanaogopa kitu ambacho hawakuwahi kukigusa.

Hisabati nyepesi nayo si ngeni kwetu. Chini ya mfumo wa 8-4-4, Baraza la Mitihani lilikuwa na hisabati ya njia ya pili, Alternative B, iliyopunguzwa makali. Shule zilizoichukua zilikuwa chache mno. Wakuu wa shule na wazazi walielewa bila kufundishwa na mtu kwamba cheti kitakuwa na alama inayosema: huyu alipewa ile ya wengine. Tofauti ya safari hii ni kwamba uamuzi hautaachiwa shule. Mwanafunzi akishachagua mkondo wake, akiwa na miaka 15 hivi, hisabati yake imekwisha kuchaguliwa pamoja nao, na shule iliyo karibu naye huenda isiwe na mkondo mwingine wa kumpa.

Sipingi kuwapo kwa vitabu viwili. Mtoto wa sanaa anaweza kupewa njia tofauti ya kufika, na Myers angekuwa wa kwanza kuunga mkono. Ninachotaka kujua ni kama kitabu chepesi ni njia nyingine au ni njia iliyokatwa. Tayari nimewaomba walimu wawili ninaowafahamu wanitumie nakala za silabasi zote mbili pamoja na vitabu vya Gredi ya 10, niviweke ubavu kwa ubavu mezani. Katika kile chepesi nitatafuta mambo matatu: kama mwanafunzi anapewa kitu cha kupima, kama kuna mahali anapoulizwa kwa nini jibu ni lazima liwe hivyo, na kama aliyekimaliza anaweza, akibadili nia akiwa na miaka 17, kuvuka kwenda kwenye kitabu kile kingine bila kuanza upya. Hilo la tatu nitaliuliza wizarani kwa maandishi.